Wamesawazisha Uani Bila Mimi

Jumatano, baada ya Alasiri. Nguvumali.

Jua limewaka tangu asubuhi na hakuna hata upepo wa kutikisa kanga kwenye kamba. Mawingu yamejikusanya upande wa Pongwe, yanatisha tu, hayanyeshi. Cherehani nimeifunika tangu juzi. Kuna gauni la bibi harusi limelala mezani halina mikono, na mwenyewe ameshapiga simu mara nne. Sipokei. Nina hasira, na nikishika mkasi katika hali hii nitaharibu kitambaa cha watu.

Naandika kwa sababu nisipoandika nitamtukana mtu mwingine, na mtaani waliobaki ambao sijawatukana ni wachache.

Mnaonisoma humu mnaujua uani kwangu, maana nimeulalamikia miaka nenda miaka rudi. Nyuma ya nyumba yetu ardhi inashuka, kutoka ukuta wa nyuma mpaka mlango wa jikoni. Ndoo ukiitua lazima uitafutie kokoto ya kuiegemeza. Jiko la mkaa nimeliwekea kipande cha tofali upande mmoja, na bado sufuria ya wali inaiva upande na upande unabaki mbichi. Mvua ikinyesha, maji ya jirani wa juu yote yanapita kwangu kama yamealikwa, yanaingia jikoni, yanazoa ndala, yanatokea mlango wa mbele. Vuli iliyopita mfuko mzima wa unga wa ngano uligeuka gundi.

Kwa hiyo niseme mapema, kabla sijalaumu mtu: mimi ndiye niliyeomba uani usawazishwe. Nimemwimbia mume wangu wimbo huo mpaka akaukariri. Baba Rukia, uani. Baba Rukia, mvua hiyo inakuja. Na yeye kila mara alijibu, "Tutaona," halafu akaenda zake dukani kuuza vipuri vya pikipiki.

Ijumaa iliyopita nilikwenda Tongoni. Mdogo wangu Mwanaidi amejifungua mtoto wake wa kwanza, na hapakuwa na mtu wa kumkanda. Nikakaa siku tatu nikichemsha maji, nikimkanda tumbo na mgongo, nikimpikia uji wa pilipili manga, nikimpokonya simu ili alale. Mtoto nilimbeba mimi muda mwingi kuliko mama yake. Nilipoondoka Jumatatu nilikuwa bado nanukia mtoto mchanga, na nilikuwa na furaha. Nataka hilo likumbukwe, kwamba nilirudi nina furaha.

Bajaji ilinishusha mlangoni adhuhuri. Mume wangu alikuwa amesimama barazani, siku ya kazi, duka kalifunga, meno yote nje. Akanipokea begi, akaniziba macho kwa kiganja chake kama vijana, akaniongoza kupitia jikoni. Nikasikia harufu ya udongo mbichi. Akasema, "Haya, fumbua."

Uani ulikuwa umenyooka kama sinia.

Udongo mwekundu, umeshindiliwa, umefagiwa. Ukuta wa nyuma, ambao siku zote ulionekana umekaa juu yetu, sasa ulikuwa umerefuka. Kando kulikuwa na mfereji mpya wa kupeleka maji nje. Na mimi nilipiga kigelegele. Nakiri hapa kwa mkono wangu mwenyewe. Nilipiga kigelegele kirefu, nikamshika mume wangu shingoni, nikamwita majina ambayo sijamwita tangu tuoane.

Halafu macho yangu yakafika nyuma ya bafu.

Mrehani haukuwapo.

Sasa niandike jambo ambalo sijapata kuliandika humu wala kumwambia mtu.

Miaka tisa iliyopita, Rukia akiwa na miaka minne, nilishika mimba ya pili. Ilikaa miezi mitatu na siku kidogo, ikaharibika. Hakuwa amefikia kuoshwa wala kuswaliwa. Wa namna hiyo kwetu hapelekwi makaburini, na wala habari zake hazipelekwi kwa wanaume. Ni jambo la wanawake wa nyumbani. Mwanamume anaambiwa tu kwamba imeharibika, Mwenyezi Mungu atawapa mwingine, kisha anapewa chai. Mume wangu siku hiyo alikuwa ametumwa dawa. Aliporudi kila kitu kilikuwa kimekwisha, hata sakafu ilikuwa imekauka.

Aliyefanya yote ni mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, aliyekuwa akiishi nasi. Aliniletea mkasi kitandani, nikakata mwenyewe kipande cha bafta nyeupe, shibiri kwa shibiri. Nilikata kwa mstari, sikupinda, maana hata siku ile mikono yangu iliijua kazi yake. Akakunja, akatoka. Mimi nilijiburuta mpaka kwenye kile kidirisha cha chumbani kinachotazama uani nikamwangalia. Alichimba nyuma ya bafu kwa jembe dogo la kupalilia. Alichimba sana. Alipomlaza, mkono wake uliingia ardhini wote, mpaka begani, shavu lake likagusa udongo. Akafukia, akamwagia maji, akachomeka tawi la mrehani.

Aliporudi ndani akanawa, akaniambia neno moja tu: "Pale usimwage maji ya moto."

Basi. Hakuna jina, hakuna hitima, hakuna aliyekuja kunipa pole. Mrehani ukashika, ukawa kichaka. Kila Ijumaa niliumwagilia. Shoga yangu mmoja aliwahi kuchuma tawi la kutengenezea kikuba cha kuvaa bila kuniuliza, nikamnunia mwezi mzima, na mpaka leo anadhani nilikuwa na choyo. Mtoto mwingine hakuja. Bi Mwanakombo akafariki, tukabaki wawili tunaojua, mimi na ule mrehani.

Nilimuuliza mume wangu, "Mrehani uko wapi?"

Akacheka! Akasema, "Si utapandwa mwingine, Mama Rukia. Mrehani umejaa tele sokoni Ngamiani."

Nilikuwa nimebeba kapu la nazi kutoka Tongoni. Nilichukua nazi moja nikamrushia. Ikampita sikioni, ikaangukia katikati ya uwanja wake mpya, ikakaa palepale ilipoangukia. Haikubiringika. Zamani ingefika jikoni yenyewe. Hivyo ndivyo nilivyohakikisha kwamba kweli wamesawazisha.

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia humu, kwa kuwa Rukia siku hizi anasoma ninayoandika. Nilimwita mzigo. Nilimwita kipofu. Nilimtaja na marehemu mama yake kwa namna isiyofaa. Yeye amesimama tu, viganja wazi, kicheko kimemkauka usoni, anatazama nazi, ananitazama mimi. Na katika maneno yote hayo, kwa nini nina hasira sikumwambia.

Nilimuuliza swali moja tu la maana. Udongo wa nyuma ya bafu mmeupeleka wapi?

Akanieleza kwa unyenyekevu, kama anajibu polisi. Walichimba upande wa juu, wakajaza upande wa chini karibu na jikoni. Upande wa chini ulipojaa, wakabakiwa na udongo mwingi, wakautoa kwa toroli mpaka nje, wakafukia makorongo ya njia mbele ya nyumba ya Bi Tatu. "Bi Tatu ameshukuru sana," akasema.

Ameshukuru sana.

Jana asubuhi, mume wangu alipokwenda dukani na Rukia shuleni, nilitoka nje. Bi Tatu nyumba yake inatazamana na yetu. Mbele ya kizingiti chake palikuwa pamejazwa vizuri, na pembeni kilibaki kirundo cha udongo ambao haujasambazwa. Tairi za bajaji zilikuwa zimeshapita juu. Nyayo za watu zilikuwa zimeshapita. Nilichuchumaa mbele ya macho ya mtaa mzima, nikaanza kuvunjavunja madonge kwa vidole.

Nilikuwa natafuta uzi mweupe. Mimi ni mtu wa vitambaa, najua bafta haikai miaka tisa ardhini. Najua vizuri sana. Nikaendelea kutafuta.

Nilipata kifuniko cha soda. Nilipata kipande cha kitana na kigae cha sahani ya maua. Bi Tatu akatoka na fimbo yake, akasimama juu yangu.

"Umepoteza hereni, mwaya?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Pole. Ya dhahabu?"

Hereni zangu zote mbili zilikuwa masikioni, chini ya mtandio. Nikasema ndiyo, ya dhahabu. Yule bibi, na magoti yake yale, akaweka fimbo chini, akainama, akaanza kunisaidia kutafuta. Nilimchukia kwa wema wake. Nilitamani angeniambia niondoke, nimwachie kizingiti chake, ili nipate wa kugombana naye.

Kisha mkono wangu ukashika shina. Ulikuwa mrehani wenyewe, umekauka majani, mizizi imeshikana na donge. Nilinusa vidole vyangu. Harufu ilikuwa bado ipo. Nikajua basi kwamba udongo huu ndio wenyewe, wa mahali pale, na kwamba nimekanyagiwa mtoto wangu na bajaji.

Sikulia. Nilisimama, nikamwambia Bi Tatu tumeshaipata, nikaenda kumtafuta fundi.

Fundi Mhina ni mzee wa Kibondei, asili yake Muheza, na kazi yake ni hiyo ya kusawazisha viwanja na kuchimba misingi. Niliambiwa yuko Chumbageni kwenye kazi nyingine. Nikamkuta ndani ya msingi, ardhi inamfika kifuani, kofia yake imelowa jasho. Shikamoo nilimpa, maana mkubwa ni mkubwa, lakini nilimtupia tu.

"Marahaba, mwanangu. Uwanja umekupendeza?"

Hapo nikamfungulia bomba. Nani alikuruhusu kung'oa mrehani wangu? Wewe ukiingia nyumba ya mtu unang'oa tu? Huna macho? Kwenu Muheza hawapandi maua? Vibarua wake wakaacha kazi wakatukodolea macho. Mzee alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Hakunikatiza hata mara moja, na hilo nalo liliniudhi.

Akasema, "Mimi kabla sijaweka jembe huuliza. Hapa chini kuna kitu? Kwa sababu watu wana mabomba, wana mashimo ya zamani, wana watu wao wamelala. Nilimuuliza mumeo mara mbili. Akasema hakuna kitu, chimba."

Hakuna kitu, chimba.

Sijui uso wangu ulifanyaje. Mzee alinitazama, akaweka chepe chini.

"Mwe!" akasema taratibu. "Ulikuwa wa alama, ule mrehani?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wa miezi mingapi?"

Nikamwambia. Mwanamume wa kwanza duniani kumwambia, amesimama shimoni Chumbageni, simjui hata jina la mkewe. Alitoka kwenye msingi, akanawa mikono kwenye ndoo, akaniambia nisichimbechimbe tena wala nisimlaani mtu. "Kesho nakuja na mpira wangu. Tuone kwanza nimechukua kiasi gani."

Nilirudi nyumbani na maneno yale mawili yakinichoma. Hakuna kitu. Jana sikumsemesha mume wangu. Nilipika, nikapakua, nikaweka, nikaondoka. Rukia akatutazama kwa zamu, akala haraka, akajifanya ana mtihani.

Leo asubuhi Fundi Mhina amefika kama alivyosema, na mpira wake wa maji mabegani. Ni mpira mrefu wa plastiki unaoonyesha ndani. Unajazwa maji, mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, na maji ya pande zote mbili yanasimama kimo kimoja, hata kama ardhi imepinda vipi. Hiyo ndiyo siri yake yote ya kusawazisha. Nilipomwona nilitaka niukate kwa mkasi.

Lakini mzee alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa bafu, akaniita. "Njoo uone hapa." Kwenye ule ukuta wa mawe, kimo cha ardhi ya zamani kilikuwa kimejiandika chenyewe. Juu kulikuwa na chokaa iliyorukiwa matope ya mvua miaka yote, na chini yake mawe safi ambayo hayakuwahi kuona jua. Mstari kati yao ulikuwa wazi kabisa, unashuka na mteremko kama ulivyokuwa. Nimepita pale tangu Jumatatu, nimeutazama ukuta ule kwa hasira, na sikuuona.

Akahitaji mtu wa kushika ncha ya pili. Mume wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni, hajaenda dukani, anaogopa kwenda na anaogopa kukaa.

"Baba, shika hapa," mzee akamwamuru. "Usiutikise."

Akashika. Hakujua anapima nini, akashika kwa mikono miwili, maji yakatulia. Fundi akahamisha kile kimo kutoka ukutani mpaka pale nilipomwonyesha, hatua mbili kutoka kwenye kona, akachomeka vigingi viwili, akafunga uzi katikati. Uzi ule ndio uliokuwa ardhi yangu. Nikachukua tepu shingoni mwangu, nikapima kutoka kwenye uzi mpaka chini. Sentimita thelathini na moja.

"Hicho ndicho nilichokata," akasema. "Sasa yeye alilazwa kina gani?"

Nikasema sijui, hakuna aliyepima. Nilichoona ni mkono wa mama mkwe umeingia wote, mpaka begani.

"Mkono wake ulikuwa mrefu?"

Nikageuka nikamtazama mume wangu. Watu wote wanasema, na mimi mwenyewe huwa nasema kila nikimshonea kanzu: amechukua mikono ya mama yake. Siku ya Idi mama na mwana walisimama barazani na mikono yao ile mirefu, tukawacheka. Nilimfuata na tepu. Nikamwambia nyoosha mkono. Akaunyoosha, mwingine umeshika mpira. Nikaweka ncha ya tepu begani, nikaivuta mpaka kwenye vidole.

Sabini na nane.

Nilitoa hesabu kichwani, nikaitoa tena. Sabini na nane, toa thelathini na moja. Arobaini na saba. Kuna arobaini na saba za udongo ambao hakuna jembe lililoufikia. Bajaji haikumkanyaga. Toroli halikumbeba. Yuko palepale alipolazwa.

"Sikumgusa," akasema Fundi Mhina. Na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye naye hakulala vizuri.

Mume wangu akauliza, "Mnapima nini?"

Nilimwambia. Nilimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, tepu ikiwa bado begani kwake. Nilimtajia bafta, jembe la kupalilia, mrehani, maji ya moto. Mzee Mhina akakumbuka ghafla kwamba anataka kuutazama mfereji wake, akatupa mgongo.

Mpira ulimponyoka mume wangu. Maji yakamwagika kwenye miguu yake.

Akasema, "Nilidhani ilikuwa damu tu."

Miaka tisa! Miaka tisa nimelala kitanda kimoja na mtu anayedhani ilikuwa damu tu! Nilifungua mdomo nianze upya, na nilikuwa na maneno ya kutosha mpaka Magharibi. Lakini akaendelea, anaangalia chini. Akasema siku ile aliporudi na dawa, mama yake alimzuia mlangoni. Akamwambia asiniulize kitu, leo wala kesho, kwamba akiniuliza atanitonesha kidonda. Kwamba haya si yake. Akamwapisha. Na yeye akatii, miaka yote, hata mama yake alipofariki akaendelea kutii. Aliona ninamwagilia ule mrehani kila Ijumaa, akadhani naupenda kwa harufu. Alisikia habari ya maji ya moto, akadhani ni mambo ya mashetani.

Nikabaki na hasira yangu mkononi, sina pa kuiweka.

Maana mimi nilidhani hajali. Kila alipotoka kuoga akapita pale akipiga mluzi, moyoni nilimwandikia kosa. Nimemwandikia makosa mengi mno. Na yeye alikuwa anapiga mluzi kwa sababu hajui, na hajui kwa sababu alikatazwa, na aliyemkataza ni yule yule aliyelaza shavu lake kwenye udongo kwa ajili yangu.

Leo nimemkasirikia marehemu. Naandika hivyo na naogopa, lakini ni kweli. Bi Mwanakombo alinitendea wema ambao mama yangu mzazi hakuwapo kunitendea, na nimemkasirikia mpaka meno yanauma. Alizika mmoja, akafunga midomo ya wawili. Na mimi je? Mdomo nilikuwa nao. Hakuna aliyeniapisha mimi.

Nikasema, nirudishiwe udongo wangu.

Fundi Mhina akageuka. Akanieleza kwa upole wa kitaalamu kwamba akijaza mahali pale mpaka kimo cha zamani, uwanja utakuwa na nundu. Maji yatagonga nundu, yatataka kurudi jikoni, itabidi mfereji upindishwe uzunguke. Alisema uwanja ule ndio bora kati ya yote aliyofanya mwaka huu. Niliona inamuuma kweli. Kazi yake ni nzuri, nakubali, na tangu Jumatatu imeniudhi hasa kwa kuwa ni nzuri.

"Uwe na nundu," nikamwambia.

Akakuna kidevu. "Basi tuizungushie mawe, isiliwe na mvua."

Mawe ndiyo ninayotaka. Sitaki mrehani tena. Mrehani mtu anaweza kudhani ni mrehani. Nataka mawe makubwa, yamepangwa, mtu akiingia uani kwangu ajikwae, aulize, na mimi nimjibu. Rukia nitamwambia mwenyewe leo akitoka madrasa, kabla hajasoma hapa.

Mume wangu alichukua toroli bila kuambiwa na mtu, akatoka nje. Nikamwona kwa Bi Tatu, ameinama mbele ya yule bibi, wanazungumza. Sijui alimwambia nini. Bi Tatu alisikiliza, akatazama upande wa nyumba yetu, kisha akaweka fimbo yake chini, akaanza kumsogezea udongo kwa mikono. Hakuja kuniuliza habari ya hereni.

Fundi ameshaondoka, mfereji ameupindisha, kesho atarudi kushindilia. Mimi nimeingia chumbani kuandika. Nimekaa kwenye kile kidirisha kinachotazama uani, kile kile.

Mume wangu yuko nje. Amefika na toroli la tatu mpaka ukingoni mwa vile vigingi, akasimama. Amevua ndala zake, akaziweka kando, akaingia peku. Sasa amepiga magoti na jiwe la kwanza, zito, katika ile mikono mirefu. Hajui aliweke wapi. Anageuka anatafuta mtu wa kumuuliza, ananiona dirishani.

"Ni hapa?" ananiuliza.

Sijamsamehe. Nadhani kesho nitaamka nimemkasirikia upya, na huenda hata keshokutwa, mpaka haya ya miaka tisa yaishe. Naacha kuandika. Nimetoa mkono nje ya dirisha, namwonyesha.

Sogea kulia. Kidogo tena. Hapo.